Mtengeneza ufunguo wa gari ajulikane

Mtanzania hapati laini ya simu bila kuweka kidole kwenye mashine na kutaja namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Lakini Mtanzania huyohuyo anaweza kuingia kwa fundi wa funguo na gari la shilingi milioni 40, akaomba ufunguo wa pili, akalipa na kuondoka bila kuulizwa jina, kitambulisho wala kadi ya gari. Fundi akiuliza, ameuliza kwa uungwana wake. Asipouliza, hakuna mkaguzi atakayempitia kesho kudai daftari.

Gazeti hili linasema hali hiyo ikome. Mashine za kuprogramu funguo za magari ziliingia nchini kimya kimya, zikawasaidia watu wengi waliokuwa wamekwama, na leo zimeenea kiasi kwamba kuendelea kuzichukulia kama nyundo na bisibisi ni uzembe. Hatutaki zipigwe marufuku. Tunataka kila anayezishika ajulikane, na kila ufunguo unaotoka mikononi mwake uwe na maandishi.

Tuanze na kile kinacholindwa. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo wa gari la kisasa mna chipu ndogo isiyo na betri. Ufunguo ukichomekwa, koili iliyozunguka swichi huiamsha chipu hiyo kwa mawimbi ya redio, kwa kawaida ya kilohezi 125, na kuipa swali la siri. Chipu hujibu, na kompyuta ya gari hulilinganisha jibu na lile inalolitarajia. Yakilingana, injini huruhusiwa kuwaka. Yasipolingana, gari halitaondoka hata kama ufunguo umechongwa kwa ustadi wa sonara. Kwenye magari ya kuwashwa kwa kitufe, mazungumzo hayo hufanyika ufunguo ukiwa mfukoni. Ulinzi huo wote ndio unaoitwa imobilaiza.

Ulinzi huo unafanya kazi, na ushahidi upo. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwenye magari mapya kuanzia Oktoba 1998. Watafiti wawili wa uchumi walioichunguza Uholanzi kwa miaka ya 1995 hadi 2008 walikuta kwamba imobilaiza ilipunguza wizi wa magari kwa wastani wa asilimia 40 hivi. Marekani haikuulazimisha, na funzo lake lilikuwa chungu. Kwenye magari ya toleo la mwaka 2015, imobilaiza ilikuwa ya kawaida katika asilimia 96 ya aina za kampuni nyingine, lakini kwa Hyundai na Kia ilikuwa asilimia 26 tu. Vijana walipofundishana mtandaoni kuyawasha magari hayo kwa kichwa cha waya wa USB, wizi ulienea mji baada ya mji, na mwaka 2023 kampuni hizo zilikubali kumaliza mashauri ya wateja kwa kiasi cha dola milioni 200. Anayeichezea imobilaiza, basi, anachezea kizuizi cha kweli.

Sasa ije mashine. Kuna soketi chini ya usukani ambayo fundi huchomeka kifaa cha kupimia gari. Mashine ya kuprogramu hupitia hapohapo. Huzungumza na kompyuta ya gari, ikaiambia ipokee ufunguo mpya au ifute wa zamani. Nyingi ya mashine hizi hutoka Shenzhen nchini China, zinakotengenezwa na kampuni kama Autel, Xhorse na Launch, na si haramu. Zilibuniwa kwa kazi halali na zinahitajika. Magari yetu mengi huja yametumika kutoka Japani, na si machache huteremka bandarini yakiwa na ufunguo mmoja tu. Ufunguo huo ukidondoka kwenye daladala au ukifuliwa ndani ya suruali, mwenye gari ana njia mbili: aende kwa wakala rasmi wa magari, aelezwe bei ya kumtoa jasho na kuambiwa asubiri oda kutoka nje, au amwite fundi wa mtaani anayekuja na begi na kumaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Hatumlaumu anayechagua njia ya pili.

Tatizo ni kwamba mashine haina macho. Haijui kama anayeomba ufunguo ni mwenye gari, dereva wake, mtoto wake au mwizi wake. Kwa miaka mingi watengenezaji wa magari waliweka vizuizi vya kufidia upofu huo. Baadhi ya Toyota, kwa mfano, ziliwekewa utaratibu wa kumfanya fundi wa gari lililopotezewa funguo zote asubiri dakika 16 kabla gari halijakubali ufunguo mpya. Dakika hizo hazikuwa kasoro. Mwizi hapendi kukaa dakika 16 ndani ya gari la watu. Wauza mashine leo hujisifu kwamba vyombo vyao huruka subira hiyo, na sisi wanunuzi tunashangilia kasi bila kujiuliza nani mwingine anaifurahia.

Waingereza walijiuliza wakiwa wamechelewa. Mwaka 2012 wamiliki wa BMW walianza kuamka na kukuta magari hayapo, funguo zote zikiwa mezani. Wezi walikuwa wakivunja kioo, wakichomeka mashine kwenye soketi, wakitengeneza ufunguo mtupu na kuondoka. Serikali ya Uingereza ilipowasilisha bungeni, Februari 2025, muswada wa kufanya umiliki wa vifaa vya kielektroniki vya kuibia magari kuwa kosa la hadi miaka mitano jela, ilieleza kwamba vifaa vya aina hiyo vinahusika katika takriban asilimia 40 ya wizi wa magari England na Wales. Si vyote ni mashine za kuprogramu. Vipo vinavyorefusha mawimbi ya ufunguo ulio ndani ya nyumba ili gari lidhani mwenyewe amekaribia, na vipo vinavyoingizwa kwenye nyaya za taa ya mbele. Lakini vyote vinapita mlango mmoja: gari linaloamini sauti ya kielektroniki bila kujua ni ya nani.

Wapo watakaosema hayo ni ya Ulaya, huku kwetu mwizi bado anavunja kioo na kuchomoa saiti mira. Wanakosea mara mbili. Kwanza, magari yanayoibwa kule huja huku. Mwaka 2015 mamlaka za Uingereza zilieleza jinsi Lexus iliyoibwa nchini mwao ilivyofuatiliwa kwa kifaa chake kupitia Ufaransa, Oman na Kenya hadi Uganda, na pale ilipopatikana pakakutwa magari mengine ya wizi. Barabara ya Mombasa hadi Kampala ni barabara ya biashara ya ukanda wetu, na gari lenye asili chafu likifika huku huhitaji mtu wa kulitengenezea ufunguo safi.

Pili, wizi wa ufunguo wa pili unafaa mazingira yetu kuliko ya Ulaya. Hesabu mikono inayoshika ufunguo wa gari moja Dar es Salaam kwa wiki: dereva wa hesabu, kijana wa kuosha magari, mlinzi wa maegesho, fundi wa gereji aliyeachiwa gari lilale kwake, dalali aliyekuja kulijaribu, rafiki aliyeazima kwenda kwenye harusi. Yeyote kati ya hao anahitaji saa moja tu na fundi asiyeuliza. Gari litakapoondoka miezi mitatu baadaye, kioo hakitavunjwa na king'ora hakitalia. Polisi watamwuliza mwenye gari kama alisahau ufunguo ndani, na kampuni ya bima itamtazama kwa jicho la shaka. Aliyeibiwa atageuka mtuhumiwa wa kwanza.

Tena kuna soko la kontroli boksi. Kila mwenye Toyota mjini analijua jina hilo, na wengine wamelijua siku walipokuta boneti limefunguliwa na kompyuta ya injini imeng'olewa. Kwenye gari lenye imobilaiza, kompyuta hiyo imefungamanishwa na imobilaiza ya gari ilikotoka. Ikichomekwa kwenye gari jingine bila kuprogramiwa upya, ni boksi la chuma lisilo na faida. Maana yake ni kwamba anayenunua kontroli boksi ya wizi anamhitaji mtu mwenye mashine ndipo mali hiyo iwe na thamani. Fundi anayefungamanisha upya boksi asiyoijua inakotoka ndiye anayemlipa mwizi, hata kama mkono wake haujagusa boneti la mtu.

Sheria zipo, lakini zimeelekezwa kwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu cha vifaa haramu, na wenzetu wa Kenya wana cha kwao katika sheria yao ya mwaka 2018. Vifungu hivyo vinamlenga mwenye kifaa kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya kutenda kosa. Mashine ya kuprogramu funguo haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Wakili yeyote atasimama mahakamani na kuonyesha kwamba mashine ya mteja wake ni ileile anayoitumia wakala mwenye cheti ukutani. Kanuni ya Adhabu nayo inamkamata anayekutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali, lakini mwenye mashine ya funguo atajibu kwa neno moja: mimi ni fundi. Nani atabisha? Hakuna orodha ya mafundi ya kumtazamia.

Kupiga marufuku si jawabu. Februari 2024 serikali ya Kanada, ikiwa imezidiwa na wizi wa magari, ilitangaza kwamba itazuia kifaa kidogo kiitwacho Flipper Zero. Wataalamu walisimama kueleza kwamba kifaa hicho hakiwezi kuiba gari la kisasa kwa namna iliyodhaniwa, na mwezi uliofuata serikali ikalainisha kauli. Baadaye mwaka huohuo Bunge lake likapitisha sheria inayoadhibu kumiliki kifaa cha kielektroniki kwa nia ya kuiba gari, adhabu ikifika miaka 10. Hapo ndipo walipopaswa kuanzia: kwenye nia na mwenendo, si kwenye jina la kifaa. Sisi tukizuia mashine bandarini, zitaingia kwenye mabegi ya nguo. Fundi mwaminifu atafunga kibanda, mwizi atapandisha bei, na mwananchi aliyepoteza ufunguo atarudi kupiga magoti kwa wakala.

Njia iliyonyooka imeshapitiwa na wengine. Ulaya iliwalazimisha watengenezaji wa magari wawape mafundi huru taarifa za ukarabati ili mawakala wasihodhi soko. Taarifa za usalama zikaonekana kuhitaji uangalizi zaidi, ndipo ukaundwa mfumo wa SERMI, ulioanza kutekelezwa nchi moja baada ya nyingine kuanzia mwaka 2023. Gereji hukaguliwa, fundi mmoja mmoja huidhinishwa kwa jina baada ya rekodi yake ya uhalifu kuangaliwa, na ombi la taarifa za ufunguo huacha alama ya aliyeliomba. Marekani, mafundi wa funguo hujiandikisha kwenye rejista ya NASTF, huchunguzwa historia zao, na hutakiwa kujaza fomu yenye kitambulisho cha mteja na uthibitisho wa umiliki wa gari kabla ya kupewa namba za siri. Hakuna aliyefunga mlango. Waliweka mtu mlangoni mwenye kalamu na daftari.

Sasa tutoe hukumu kwa kila mhusika, maana lawama ya wote ni lawama ya hakuna.

Serikali ina hatia ya kuchelewa. Halmashauri zinatoza ushuru kwa vibanda vya funguo na hazijui ndani mna chombo gani. Leseni ya biashara ya mchonga funguo za makufuli na ya mwenye mashine ya kufungua imobilaiza zisiwe moja. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe: leo wanaogopa kuwasumbua mafundi wachache, kesho watawapanga wananchi wengi kwenye madawati ya polisi.

Mafundi wana hatia ya ukimya. Wengi wao ni waaminifu na wanajua nani kati yao si mwaminifu. Wanajua kibanda kipi hufanya kazi saa nne usiku na bei hupandaje gari linapokuja bila kadi. Fundi mwaminifu akiendelea kunyamaza ili asionekane msaliti, asishangae siku polisi watakapowakusanya wote kwenye gari moja. Na wale wanaozima kabisa imobilaiza kwa sababu ni kazi nyepesi kuliko kutengeneza ufunguo sahihi, tunawaambia wazi: mnampa mteja gari la mwaka 1985 kwa bei ya gari jipya, na kwa kawaida hamumwambii.

Mawakala wana hatia ya bei. Wanapogeuza ufunguo kuwa bidhaa ya anasa, wao ndio wanaomsukuma mwananchi gizani. Mteja anayemudu huduma halali haitafuti ya kificho.

Watengenezaji wa magari wana hatia ya kufunika udhaifu. Mwaka 2013 Volkswagen ilikwenda Mahakama Kuu ya London na kupata zuio la kuchapishwa kwa utafiti wa wanasayansi wa vyuo vikuu uliofichua udhaifu wa chipu iitwayo Megamos Crypto. Utafiti ulikuja kutoka mwaka 2015, ukiwa umeondolewa sentensi moja. Kwa miaka hiyo miwili wenye magari ndio waliobaki bila habari. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vya Leuven na Birmingham walionyesha kasoro za namna hiyo katika funguo za baadhi ya magari ya Toyota, Kia na Hyundai. Na Toyota ndizo zinazojaza barabara zetu.

Na mwenye gari naye hakwepi. Anayenunua gari la milioni 30 bila kuuliza funguo ziko ngapi, anayemwachia muosha magari ufunguo asubuhi na kuurudia jioni, anayepoteza ufunguo na kutengeneza mwingine bila kuufuta ule wa kwanza, huyo ameacha dirisha wazi kwa hiari yake.

Kwa hiyo tunadai mambo haya yafanyike, na yafanyike kwa tarehe zitakazotangazwa.

Kwanza, kila mwenye mashine ya kuprogramu funguo za magari asajiliwe na Jeshi la Polisi kwa jina lake, namba yake ya NIDA na namba ya mashine yake, na namba ya usajili ibandikwe kibandani ionekane. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, iwapime na kuwapa vyeti. Ada iwe ndogo, kwa sababu lengo ni kuwajua, si kuwakamua. Vishoka wasio na usajili wakamatwe.

Pili, kila kazi iandikwe: namba ya chesesi, namba ya gari, kitambulisho cha mteja, uthibitisho wa umiliki, tarehe, na idadi ya funguo zilizokutwa na zilizoachwa. Ambaye kadi yake iko benki kwa mkopo alete nakala na barua ya benki. Gari la kampuni liwe na barua ya kampuni, na la marehemu liwe na hati ya msimamizi wa mirathi. Daftari hilo lilindwe, lisiwe gazeti la kusomwa na kila apitaye, na polisi walione kwa taratibu za kisheria.

Tatu, ubadilishaji wa kontroli boksi uandikwe vilevile, boksi ionyeshwe ilikonunuliwa, na muuza spea asiye na risiti aeleze.

Nne, muuzaji wa magari atamke kwa maandishi idadi ya funguo anazokabidhi, na kabla ya makabidhiano gari lisomwe kwenye mashine kuona linatambua funguo ngapi. Ziada ifutwe mbele ya mnunuzi.

Tano, polisi wanapopokea taarifa ya wizi wa gari waandike gari limeondokaje: kwa kuvunjwa, kwa kunyang'anywa, au kwa ufunguo. Bila kipengele hicho kwenye fomu, nchi itaendelea kupambana na wizi wa jana. Na kwa kuwa gari huvuka Namanga kabla mwenyewe hajaamka, rejista hizi zisomeke pia kwa majirani kupitia ushirikiano uliopo wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki.

Msomaji asisubiri serikali. Wiki hii mpelekee fundi unayemwamini gari lako, akusomee kwenye mashine kuna funguo ngapi zinazotambuliwa. Ukiwa na mbili mkononi na gari linasema tatu, futa zote na uandikishe upya zako. Kile kibati kidogo chenye namba ya ufunguo kilichokuja na gari usikiache kwenye mnyororo wa ufunguo; kifungie nyumbani. Na fundi asipokuuliza kitambulisho, usimsifu kwa wepesi wake. Hatamwuliza na mwizi wako.

Wizara ya Mambo ya Ndani na Jeshi la Polisi wana mamlaka ya kulianzisha hili, na tayari taifa limethibitisha kwamba linaweza kusajili mamilioni ya laini za simu kwa alama za vidole. Haliwezi kudai limeshindwa kuwasajili mafundi wa funguo. Kuanzia sasa, kila gari litakaloondoka kwa ufunguo uliotengenezwa na asiyejulikana, tutawahesabu hao wenye mamlaka kuwa ni sehemu ya kosa.